Fyuzi Iliyoungua Ndani ya Amplifaya ya Valvu: Mambo ya Kujua Kabla Kifuniko Hakijafunguliwa

Jumamosi usiku, ukumbi umejaa, na gitaa la solo linanyamaza katikati ya sebene. Mpigaji anageuka nyuma na kuitazama amplifaya yake. Taa ndogo nyekundu ya mbele bado inawaka. Valvu zinang'aa kwa rangi ya chungwa kama zilivyokuwa ziking'aa saa nzima iliyopita. Lakini spika iko kimya kabisa, hata ule mvumo hafifu wa kawaida haupo. Baada ya dakika mbili za kugusagusa waya, mtu mmoja jukwaani anatamka maneno yanayosikika katika kila ukumbi wa muziki: "Ni fyuzi tu."

Neno "tu" ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Kwamba ni fyuzi, huenda ni kweli. Lakini fyuzi haiungui bila sababu, na ile iliyomo ndani ya amplifaya ya valvu imekaa mahali penye umeme mkubwa kuliko ule wa ukutani. Anayeibadilisha bila kujua anaweza kuiharibu transfoma, kuwasha moto, au kupoteza maisha. Kwa upande mwingine, mwenye kifaa asiyejua lolote hulipa kila anachoambiwa alipe. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye kifaa: mpigaji wa bendi, kiongozi wa kwaya, mwalimu wa muziki, mwenye studio ndogo. Halikusudii kumfanya awe fundi. Linakusudia kumwezesha kujua ni kazi ipi anaweza kuifanya mwenyewe, ipi ampelekee fundi, na kazi ya fundi mwema hufanywaje.

Fyuzi ziko wapi, na kila moja inalinda nini

Amplifaya ya valvu hukuza umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa kwa kutumia chupa za kioo zilizoondolewa hewa, badala ya transista. Ndani ya kila chupa mna uzi unaopashwa moto, kwa kawaida kwa volti 6.3, na sahani ya chuma inayohitaji umeme mkubwa zaidi; katika valvu za mwisho, zile kubwa zinazoisukuma spika, umeme huo aghalabu huwa kati ya volti 300 na 500. Transfoma ndiyo inayoutengeneza. Huchukua volti 230 za ukutani na kuzigawa katika njia mbili au zaidi: njia ya kupasha valvu, na njia ya umeme wa juu. Njia hii ya pili hupita kwenye diodi, au kwenye valvu maalumu kama GZ34, ili mkondo geu ugeuzwe kuwa mkondo mnyoofu, kisha hutulizwa na kapasita kubwa.

Katika safari hiyo yote, fyuzi zinaweza kuwa mahali patatu au panne. Ya kwanza imo ndani ya plagi yenye vichwa vitatu bapa inayotumika kwetu. Hiyo hulinda waya unaotoka ukutani, basi. Ya pili ni fyuzi ya umeme wa kuingia, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya amplifaya, katika kishikio chenye kifuniko cha kuzungusha au kidroo kidogo kilicho chini ya tundu la waya. Hii hulinda kifaa kizima. Ya tatu ni fyuzi ya umeme wa juu, ambayo wengi hawajui kama ipo. Katika aina fulani imewekwa nyuma kando ya ile ya pili, lakini katika aina nyingi imo ndani, juu ya bodi ya sakiti. Baadhi ya amplifaya za miaka ya karibuni zina fyuzi nyingine za ndani kwa ajili ya njia ya kupasha valvu.

Mpangilio huu unakupa njia ya kubahatisha kosa kwa macho, bila kufungua skrubu hata moja. Kama taa ya mbele haiwaki na valvu hazing'ai, anzia kwenye plagi na fyuzi ya umeme wa kuingia. Kama taa inawaka na valvu zinang'aa lakini spika haitoi hata mvumo, fyuzi ya umeme wa juu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hakikisha kwanza kwamba swichi ya kusubiri haijaachwa mahali pa kusubiri na kwamba waya wa spika haujachomoka. Kama taa inawaka lakini valvu zote ziko gizani, shuku fyuzi ya njia ya kupasha. Na kama valvu moja tu ndiyo iliyo gizani, tatizo si fyuzi, ni valvu yenyewe au soketi yake.

Mpigaji wetu wa Jumamosi, basi, alikuwa na fyuzi ya umeme wa juu iliyoungua. Hii ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.

Kuzisoma namba zilizo kwenye kofia

Fyuzi nyingi za amplifaya ni vijiti vya kioo vyenye kofia za chuma pande zote mbili. Vipimo viwili ndivyo vilivyoenea: urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 5, na ile kubwa ya urefu wa milimita 32 hivi na unene wa milimita 6.3, ambayo huonekana zaidi katika vifaa vilivyotengenezwa Marekani na katika vya zamani. Kwenye kofia huchongwa maandishi madogo sana, kwa mfano T500mAL250V. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, kwa sababu kila herufi pale ina maana.

Herufi T humaanisha fyuzi ya kuchelewa, inayovumilia msukumo mfupi wa umeme kabla ya kukatika. F ni fyuzi ya haraka. Tofauti hii si ya kitaalamu tupu. Amplifaya ya valvu inapowashwa, kapasita tupu na nyuzi baridi za valvu huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Ukiweka fyuzi ya F mahali pa T, itakatika siku ya kwanza ingawa amplifaya ni nzima, na utaanza kusaka kosa lisilokuwepo. Ukifanya kinyume chake, utailegeza kinga iliyokusudiwa. Namba inayofuata ni mkondo: miliampea 500, yaani nusu ya ampea. Herufi L huonyesha uwezo mdogo wa kukata mkondo wa shoti kubwa, na kwa kawaida ndiyo ya kioo; H huonyesha uwezo mkubwa, na kwa kawaida ni ya kauri iliyojazwa mchanga. Mwisho kabisa ni volti ambazo fyuzi inaweza kuzikata salama.

Herufi hii ya L au H hupuuzwa hata na mafundi wazuri. Fyuzi inapokatika, cheche huruka kati ya ncha mbili za uzi ulioyeyuka. Katika mkondo geu cheche hupata nafasi ya kuzimika mara mia kwa sekunde, kila umeme unapopita sifuri. Katika mkondo mnyoofu wa volti 450 hakuna sifuri ya kupitia, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo. Ndiyo maana mtengenezaji akitaka kauri, weka kauri.

Kuna kosa jingine ambalo hata msomaji makini anaweza kulifanya: kununua fyuzi inayofanana na ile iliyotolewa. Iliyotolewa huenda nayo iliwekwa kimakosa na mtu wa kabla yako. Thamani sahihi ni ile iliyochapwa nyuma ya kifaa, juu ya bodi, au katika kitabu cha mtengenezaji. Ikiwa hizo zinatofautiana na fyuzi uliyoikuta, ziamini hizo, na uanze kujiuliza nani aliingia humo kabla yako na kwa nini.

Nikiwa chuoni nilipigia kwaya iliyokuwa na amplifaya nzuri ya zamani. Siku moja ilianza kunuka kama rangi inayoungua, na fundi alipofungua alikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushwa kwenye fyuzi. Hakuna aliyekiri. Transfoma ilikuwa imekwisha kuungua, na gharama ya kuisuka upya ilichangishwa kwa miezi minne. Fyuzi iliyokusudiwa kukaa pale ingegharimu pungufu ya mkate.

Kwa nini iliungua

Fyuzi huweza kuchoka. Uzi wake hupanuka na kunywea kila kifaa kinapowashwa, na baada ya miaka mingi hukatika bila kosa lolote jingine. Hilo hutokea, na ndilo tumaini la kila mwenye kifaa. Lakini usilichukulie kuwa ndilo jibu mpaka mengine yameondolewa.

Kioo chenyewe husimulia kitu. Ukiona uzi umekatika katikati kwa nafasi ndogo na kioo kimebaki safi, fyuzi ilizidiwa kwa kiasi kidogo, au imezeeka. Ukiona kioo kimepakwa weusi au rangi ya fedha kwa ndani, uzi ulilipuka: kulikuwa na shoti kamili, na fyuzi mpya ikiwekwa bila uchunguzi nayo italipuka kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Lakini macho pekee hayatoshi. Fyuzi inaweza kuonekana nzima huku imeachia ndani ya kofia; ndiyo maana hupimwa kwa mita ikiwa imetolewa mahali pake. Nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, iliyoungua haionyeshi kitu.

Mshukiwa mkuu wa fyuzi ya umeme wa juu ni valvu za mwisho: EL34 katika Marshall nyingi, 6L6 au 6V6 katika Fender, EL84 katika Vox AC30 ambayo ina nne. Valvu inapozeeka, au ikidondoshwa, vipande vyake vya ndani vinaweza kugusana, na umeme wote wa juu ukapata njia ya mkato. Mara nyingine kosa haliko kwenye valvu bali kwenye umeme hasi unaoidhibiti. Amplifaya nyingi kubwa huipa gridi ya valvu volti hasi, tuseme kati ya 30 na 50, ili kuzuia mkondo usizidi. Umeme huo ukipotea kwa sababu ya rezista moja iliyokatika au kapasita ndogo iliyokauka, valvu hufunguka wazi, sahani yake huwa nyekundu kama kaa la moto, na fyuzi hukatika. Ukiona wekundu huo kwenye sahani, zima mara moja. Usisubiri wimbo uishe.

Baada ya valvu huja diodi, kisha kapasita za kutuliza umeme, ambazo zina maji ya kemikali ndani na hukauka kwa miaka, hasa katika joto la pwani. Mwisho ni transfoma ya kutolea sauti, na hapa mara nyingi lawama ni ya mtumiaji. Amplifaya ya valvu haipigwi bila spika. Transista huweza kustahimili kuachwa bila mzigo. Transfoma ya valvu hustahimili vibaya, kwa sababu nishati isiyo na pa kwenda huinua volti ndani yake mpaka kihami kinatoboka. Waya wa spika uliolegea jukwaani umeua transfoma nyingi, na fyuzi hukatika baadaye tu, kama shahidi aliyechelewa.

Kazi ya fundi, hatua kwa hatua

Msimamo wetu ni huu: fyuzi ya plagi na fyuzi ya nyuma inayofunguliwa kwa nje, mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe baada ya kuchomoa waya ukutani. Fyuzi ya ndani ni kazi ya fundi mwenye mita na mafunzo. Tunaieleza hapa ili ukae karibu ukaione inavyofanywa, na ujue pale inapofanywa ovyo.

Kuchomoa waya hakutoshi. Kapasita za umeme wa juu hushika chaji kama mtungi unavyoshika maji baada ya bomba kufungwa. Kapasita ya maikrofaradi 50 iliyochajiwa hadi volti 450 ina nishati ya jouli 5 hivi, na amplifaya inaweza kuwa nazo kadhaa. Kwa kawaida valvu zenye moto humaliza chaji hiyo polepole baada ya kuzima. Lakini hebu fikiri: fyuzi ya umeme wa juu ikikatika, huenda imekata hiyo hiyo njia ya kumalizia, na kapasita iliyo upande wa pili imebaki imejaa. Vivyo hivyo ikiwa swichi ilikuwa mahali pa kusubiri, au valvu za mwisho zimekwisha kutolewa. Kwa hiyo amplifaya iliyokufa kwa fyuzi inaweza kuwa ya hatari kuliko iliyozimwa ikiwa nzima, na anayeifungua nyumbani kwa bisibisi ya jikoni hana habari.

Fundi mwema basi huchomoa waya wa ukutani na kuuweka pale anapouona. Huiacha valvu ipoe. Hutoa mwili wa chuma kutoka kwenye sanduku kwa uangalifu, kwa kuwa transfoma ni nzito na huelemea upande mmoja. Huvua pete na saa. Kisha, kabla ya kugusa kitu, hupima volti katika kila kapasita kubwa, mkono mmoja ukiwa mbali na chuma, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Akikuta volti, huzimaliza kwa rezista, kwa mfano ya omu 10,000 na wati 10, iliyofungwa kwenye waya wenye kihami kizuri. Kwa kapasita ya maikrofaradi 50 sekunde chache zinatosha. Kisha hupima tena. Akitumia bisibisi kupiga shoti kapasita mpaka ikalia "pa!", mwombe aiache kazi hiyo, cheche ile huharibu kapasita na inaweza kurusha chuma kilichoyeyuka machoni.

Ndipo anapoitoa fyuzi. Kama imekaa katika vishikio vya kubana, hutoka kwa kifaa cha plastiki. Kama imelehemiwa juu ya bodi kwa miguu ya waya, kazi ni ndefu zaidi, na fyuzi mpya ya namna hiyo haitaki joto jingi la chuma cha kulehemu, kwani uzi wake unaweza kulegea kabla haujafanya kazi hata siku moja. Baadhi ya mafundi huweka vishikio mahali pake ili safari ijayo iwe rahisi. Hilo ni jema mradi vishikio vimekaa imara na haviko karibu na njia nyingine ya umeme.

Kabla ya kuweka fyuzi mpya hutafuta kosa. Hutazama rezista ndogo zilizo karibu na soketi za valvu za mwisho, ambazo mara nyingi huungua na kuonyesha ni valvu ipi iliyokosea. Hupima diodi kila upande. Hupima kama kapasita imepata shoti. Akiridhika, huweka fyuzi ya thamani sahihi na kuwasha amplifaya bila valvu za mwisho, huku umeme ukipita kwanza kwenye balbu ya kawaida ya uzi, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfuatano. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Kama ndani mna shoti, balbu hubaki inawaka kwa nguvu na kuchukua umeme ambao ungeunguza fyuzi. Kama hakuna, huwaka kidogo kisha hufifia.

Jaribio hili lina ushahidi mkubwa kwa gharama ndogo. Fyuzi ikistahimili bila valvu za mwisho, kosa liko kwenye valvu hizo au kwenye umeme hasi unaozidhibiti, ambao hupimwa kwenye soketi kabla valvu hazijarudishwa. Isipostahimili, kosa liko nyuma yake: diodi, kapasita au transfoma. Mwisho huwekwa valvu, spika huunganishwa, balbu huondolewa, na mkondo wa kila valvu hupimwa na kurekebishwa. Amplifaya haipaswi kurudishwa kwako kabla haijapigwa kwa sauti ya kawaida walau nusu saa.

Amplifaya iliyotoka ng'ambo

Amplifaya nyingi zilizotumika huletwa kutoka Marekani, ambako umeme wa ukutani ni volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230, bahati yako ni fyuzi kukatika mapema kuliko transfoma. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: je, ina swichi ya kuchagua volti, au inahitaji transfoma ya nje ya kushusha? Usiridhike na jibu la mdomo. Tazama bamba la nyuma.

Yenye swichi ina mtego wake. Chukua amplifaya inayotumia wati 200. Kwenye volti 120 huvuta ampea 1.7 hivi; kwenye volti 230 huvuta chini kidogo ya ampea 0.9. Mtengenezaji kwa hiyo hutaja fyuzi mbili tofauti za umeme wa kuingia, na ile ya 230 huwa karibu nusu ya ile ya 120. Mtu akigeuza swichi na kuiacha fyuzi ya Marekani mahali pake, amplifaya itafanya kazi vizuri na hataona kosa lolote, ila kinga yake imelegea mara mbili. Fyuzi ya ndani ya umeme wa juu, kwa upande wake, kwa kawaida haibadiliki, kwa kuwa transfoma hutoa umeme ule ule upande wa pili.

Zile za zamani zaidi zina waya wa nyuzi mbili usio na waya wa ardhi. Hizi zisipigwe mpaka fundi ameweka waya wa nyuzi tatu na kuunganisha mwili wa chuma na ardhi. Nyuzi za gitaa huunganishwa na mwili huo wa chuma, na mwimbaji anayezishika huku mdomo wake ukigusa maikrofoni hukamilisha sakiti kwa mwili wake. Mwaka 1972, mjini Swansea nchini Uingereza, mpigaji gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani namna hiyo, gitaa mikononi, kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Fyuzi haikumwokoa. Mkondo unaoweza kumwua mtu hupimwa kwa makumi ya miliampea, na fyuzi ya ampea moja haiutambui kabisa. Wenye kumbi wanashauriwa kufunga swichi za kukata umeme unapovuja, zinazokata kwenye miliampea 30.

Unapompa fundi kazi

Mweleze ulichokiona, si unachodhani: taa iliwaka au haikuwaka, valvu zilikuwaje, kulikuwa na harufu au mlio, umeme wa mtaa ulikuwa umetoka kukatika na kurudi. Mwombe makadirio ya bei kwa maandishi kabla hajaanza, na mkubaliane kwamba akikuta tatizo kubwa zaidi atakupigia simu kwanza.

Ukienda kuchukua kifaa, dai vitu vilivyotolewa, pamoja na fyuzi iliyoungua. Ni mali yako, na kioo chake kinaweza kukuonyesha kama maelezo ya fundi yanaingia akilini. Fundi anayesema "nimebadilisha fyuzi, imepona" na asiweze kueleza kwa nini iliungua huenda anasema kweli, kwani fyuzi huchoka. Lakini mwulize alipima nini. Akiwa alipima, atakuwa na namba.

Risiti itaje aina ya kifaa na namba yake, thamani kamili ya fyuzi iliyowekwa pamoja na herufi zake, valvu au kifaa kingine kilichobadilishwa, na muda wa dhamana ya kazi. Dhamana ya valvu mara nyingi ni fupi kuliko ya kifaa kizima, kwa hiyo itajwe peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na hilo linamhusu anayekutoza valvu mpya huku akirudisha ile ile ya zamani. Lakini malalamiko bila karatasi ni magumu kuyasikiliza. Tunapopokea lalamiko la namna hii, tunaomba kwanza risiti, makadirio ya awali, picha ya bamba la nyuma la kifaa, na vipande vilivyotolewa vikiwa kwenye bahasha.

Kwa mwenye kupiga kila wiki, ni busara kuwa na bahasha nyingine ndani ya mfuko wa gitaa: fyuzi mbili za nyuma za thamani sahihi, fyuzi moja ya plagi, na karatasi iliyoandikwa thamani ya fyuzi ya ndani kama ilivyo katika kitabu cha mtengenezaji. Hiyo ya ndani hutaibadilisha wewe jukwaani. Karatasi ni ya kumpa fundi siku utakapomfikishia kifaa, kabla hajakisia.